Bili ya Tanuru

Saa tisa usiku wa kuamkia Jumatatu, simu ikalia.
Kwao Winipegi bado ni Jumapili, jioni,
na Hemedi anatetemeka ndani ya maneno.
"Mama, tanuru la nyumba limezima."

Tanuru?
Mimi nalijua la mkate, pale Keko,
na la chokaa. Nyumba ya mtu nayo ina tanuru?
"Lipo chini ya sakafu, Mama, linapumulia kwenye matundu.
Nje ni hasi thelathini na moja.
Likilala mpaka asubuhi, mabomba ya maji yanapasuka."

Nimekaa kitandani, kanga imenigandia mgongoni kwa jasho.
Mbagala umeme umekatika tangu magharibi,
na hata ungekuwepo ungenifaa nini:
friza langu lina wiki ya pili halisemi,
lile lililomsomesha, pakiti kwa pakiti,
barafu ya ukwaju, ya ubuyu, ya maji matupu.
Pesa ya kulifufua
nilikuwa naingoja kwake.

Hakuitaja. Sikuiuliza.
Tukazungumza tanuru.

"Nisomee bili."
Fundi kufika tu mlangoni: dola mia na sitini.
Hajashika bisibisi?
Hajashika.
Kwa kuwa ni Jumapili: ongeza themanini.
Kwani baridi yenu hupumzika Jumapili?
Kiwashio: sitini na tano.
Mkono wa kukifunga: mia mbili na themanini.
Mkono huo umevaa pete?
Akacheka, nikasikia meno yanagongana.

"Mwambie apunguze."
"Huku hawapatani, Mama. Bei imetoka kwenye kompyuta."
Basi patana na kompyuta.

Nikamkumbusha ya mwaka juzi,
yule fundi aliyeweka sikio kwenye friza kama mkunga,
akainuka na msiba usoni: kompresa imekwenda,
laki mbili na sabini, gesi mbali.
Akaja Kitwana wa Tandika, akageuza friza,
akachomoa kidude cheusi kidogo kama kokwa ya ubuyu:
"Rele hii, mama, imeungua. Elfu kumi na mbili."
Tangu siku ile nina sheria moja:
aliyekufa, nionyeshwe maiti.
Mwambie fundi wako akuonyeshe.

Akaweka simu mezani. Nikasikia ngazi,
chuma, sauti nene ya mwanamume anayeeleza bila haraka.
Akarudi.
"Kimepasuka kweli, Mama. Ufa mwembamba kama unywele."

Haya. Mlipe.

Nilitaka awe mwizi.
Mwizi angalau unapata pa kuweka hasira.

Tukaagana. Kwa tochi ya simu nikafungua daftari la barafu,
nyuma ya madeni ya muuza juisi na ya walimu wa shule,
nikageuza dola kuwa shilingi, shilingi kuwa pakiti za mia.
Zikafika elfu kumi, na nyingine nikaacha kuzihesabu.
Barafu elfu kumi
kuwasha moto mmoja.

Asubuhi Mama Sijaona akalisikia lote ukutani:
"Si mbadilishane! Yeye alete baridi, wewe upeleke jua."
Uani wote wakacheka. Nikacheka nao.
Nilipomaliza bado nilikuwa na friza lililo wazi mlango,
nimelitia vitenge, maana mende hawalipendi.

Saa nne ujumbe ukaingia. Si maneno, ni sauti,
sekunde kumi na tisa: vuuu,
kisha kitu kama kukohoa, kisha vuuu tena, pole pole.
"Limewaka. Watoto wamelala."

Nikausikiliza mara ya pili, ya tatu.
Mvumo ule ule.
Ndivyo lilivyokuwa likiniimbia friza langu usiku,
yeye mdogo, amelala mkekani, miguu imeligusa.
Nikaiegemeza simu juu ya mfuniko,
nikaliacha tanuru la mwanangu livume humo.

"Hodi! Barafu ipo?"
Mtoto wa darasa la pili, sarafu imelowa mkononi.

Bado, baba.
Lakini akasimama, kichwa upande, anasikiliza.
"Mbona linaunguruma?"